Mfupa Uliovunjika Huungwa na Damu

Aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, iwe Likoni au Kongowea mjini Mombasa, huuliza kwanza plasta itatolewa lini, ilhali jibu hutegemea sana damu inayoufikia mfupa wenyewe. Damu inayovuja na kuganda palipovunjika ndiyo mwanzo wa kupona: seli za kujenga hukusanyika humo, mishipa midogo mipya huchipuka, na baada ya wiki chache hutokea tishu laini ambayo polepole hugeuka kuwa mfupa mgumu. Ndiyo maana sehemu ya chini ya muundi, iliyofunikwa na nyama kidogo na yenye mishipa michache, huchelewa kuunga, na mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, ulio chini ya kidole gumba, huweza hata kufa upande mmoja kwa kukosa damu.

Nawasihi wagonjwa waache sigara kabisa, kwani nikotini hubana mishipa, na wasikubali kukandwa palipovunjika, hata kama mkandaji ni mzee anayeheshimika mtaani, kwa sababu kukanda huko huweza kukata mishipa michanga na kusogeza vipande vya mfupa. Siku za mwanzo, mguu uinuliwe juu ya mito ili uvimbe upungue. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, mgonjwa arudishwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata ikibidi kuvuka feri usiku wa manane.