Jinsi ya kuendesha kikundi cha lishe cha watu wazima wenye unene uliopita kiasi

Mwongozo huu ni wa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya Nairobi, ambako mtaalamu wa lishe ni mmoja na foleni haiishi. Ushauri wa dakika tano, “punguza mafuta, punguza sukari”, mgonjwa anausahau kabla hajafika stejini. Kwenye kikundi mambo hubadilika, mradi sufuria iletwe kikaoni.

Hatua ya 1: Chagua watu 10 hadi 12

Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 86 na urefu wa mita 1.60 anapata 33.6, kuanzia 30 ni unene uliopita kiasi. Pima na kiuno kwa futikamba: zaidi ya sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanamume, hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo imepanda sana.

Wajawazito wasiingizwe. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi aonwe na daktari kwanza, maana akipunguza chakula na dozi ibaki ileile, sukari yaweza kushuka hadi azirai. Hapa tafadhali usiharakishe.

Hatua ya 2: Waulize saa

Kutaneni kila wiki kwa wiki 12, kisha kila mwezi. Wanaorauka kwenda Marikiti kuchukua mboga hawawezi kufika saa tatu asubuhi. Sisi tulihamia saa nane mchana, wakaja.

Hatua ya 3: Pima uzito faraghani

Katika kituo nilichofanyia kazi zamani, mizani ilikaa kwenye ujia na kilo zikatajwa kwa sauti. Wiki iliyofuata nusu ya kikundi haikurudi, na mpaka leo naumia nikiwakumbuka. Pima mmoja mmoja, mlango umefungwa, umwandikie kwenye kadi yake.

Hatua ya 4: Pimeni mafuta

Ukiwa na muda wa somo moja tu, fundisha hili. Leta jiko, sufuria, sukuma wiki na chupa ya mafuta. Mwombe mmoja amimine kama anavyomimina nyumbani, ila ndani ya bakuli. Kisha mhamishe mafuta kwa kijiko kikubwa, kikundi kizima kikihesabu kwa sauti.

Mama mmoja wa Kayole alifika vijiko tisa, kwa mboga ya watu wanne. Kijiko kimoja kina takriban kalori 120. Kila mlaji anapata kama 270 za mafuta tu, ugali haujaguswa. Alinyamaza, kisha akasema, “Na mimi nilidhani ni ugali.” Usimkosoe. Pikeni palepale mboga ileile kwa vijiko viwili, kitunguu na nyanya vikiivia kwa mvuke sufuria ikiwa imefunikwa, kisha wote waonje. Tangu siku hiyo wanakikundi wangu hupima kwa kijiko hata mafuta waliyopimiwa dukani.

Hatua ya 5: Sahani, chai na miguu

Nusu ya sahani iwe mboga (managu, terere, kunde), robo ugali, robo ndengu, maharagwe au omena. Chai ishushwe kijiko kimoja cha sukari kila wiki mbili, ulimi uzoee. Matembezi yafike dakika 150 kwa wiki: kushuka matatu mapema kunahesabika, ila wanawake watembee wawili wawili kama barabara ina giza.

Hatua ya 6: Lengo na ufuatiliaji

Lenga asilimia 5 ya uzito wa kuanzia ndani ya miezi sita. Kwa mama wa kilo 86 ni kilo 4.3, na kiasi hicho kinatosha kuanza kushusha presha na sukari. Asiyeonekana vikao viwili apigiwe simu na mwanakikundi mwenzake, kama wanavyofanya kwenye chama cha kuweka akiba. Wewe ukipiga atadhani anasakwa. Ambaye uzito haujashuka baada ya wiki 12 arudishwe kwa daktari akiwa na kadi yake, daktari aangalie tezi ya shingo na dawa anazomeza, kwani baadhi ya dawa hunenepesha. Kiti chake kikundini abakishiwe.