Kioo cha laptopu iliyokufa kiwe monita: anza na stika ya nyuma

Ubao mama wa laptopu ukifa, kioo chake mara nyingi bado ni kizima. Shida ni kwamba hakina tundu la HDMI wala VGA. Kinahitaji bodi yake ya kukiendesha, ambayo mafundi huiita kontrola, pamoja na kebo na adapta ya volti 12, ampea 3. Usinunue chochote kabla ya kusoma stika.

1. Kufungua. Chomoa chaja, toa betri. Skrubu za fremu hufichwa chini ya vipande vya mpira pembeni. Vibandue, fungua, kisha bandua plastiki kwa kadi ngumu ukianzia chini. Kioo chenyewe kwa kawaida hushikwa na skrubu nne ndogo. Kilaze kifudifudi juu ya kitambaa. Soketi ya kebo imefunikwa kwa utepe: ubandue taratibu, kisha vuta plagi sambamba na kioo. Ukiivuta kwenda juu, unang'oa soketi.

2. Stika. Hapa ndipo pesa za wengi hupotea. Tafuta namba ya kioo chenyewe, si ya laptopu. Chukua mfano wa N156BGE-L21 na N156BGE-E41: vyote ni inchi 15.6, vyote 1366 kwa 768, na namba zao karibu zifanane. Lakini havipokei picha kwa njia moja: cha kwanza hutumia muunganisho uitwao LVDS wa pini 40, cha pili uitwao eDP wa pini 30, na kontrola ya kimoja haiwashi kingine. Kwa hiyo mpe muuzaji namba nzima pamoja na herufi za mwisho, na umwambie aiwekee bodi programu ya kioo hicho. Kebo ya zamani usiihangaikie, kwani pini zake zilipangwa kwa ajili ya ubao ule uliokufa. Kama kioo ni cha zamani chenye taa ya mrija badala ya LED, ningekushauri utafute kingine: kinataka inveta, yaani kifaa cha kuuwasha huo mrija, na inveta hutoa mamia ya volti.

3. Jampa ya volti. Kontrola nyingi zina kijampa, yaani kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili, cha kuchagua volti za umeme wa kioo: 3.3, 5 au 12. Vioo vya laptopu kwa kawaida hutumia 3.3. Kijampa kikikaa kwenye 12, kioo kinaungua pale pale unapowasha, na hakuna fundi wa kukirudisha. Usiamini kilivyotoka dukani. Kabla ya kuunganisha kioo, washa bodi peke yake na upime volti kwa multimita kwenye pini za kijampa. Chaja ya laptopu ya volti 19 isitumike ila kama bodi yenyewe imeandikwa kwamba inapokea volti hizo.

4. Kuunganisha. Zima umeme. Chomeka kebo kwenye kioo hadi ikae sawa pande zote mbili, rudishia utepe, kisha unganisha kontrola na kipande chake kidogo chenye vitufe. Adapta iwe ya mwisho.

Sasa tazama kioo kinasema nini. Kikiwa cheusi, mulika tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma haipati umeme au amri ya kuwaka, basi kagua waya zake. Kikiwa cheupe kitupu, kebo haijakaa au programu si yake. Picha ikigawanyika mara mbili, programu imewekwa kwa idadi tofauti ya chaneli, yaani njia za kupitishia picha. Rangi zikionekana kama negativu ya filamu, mpangilio wa biti za rangi ndio umekosewa. Hapo kioo hakina ubaya wowote, bodi tu irudishwe kuwekewa programu sahihi.

5. Fremu. Ubao wa MDF wa milimita 6 unatosha. Inua kontrola kwa vibao vya plastiki ili miguu iliyochomelewa kwa risasi chini yake isiguse bati la nyuma ya kioo. Kaza kioo kwa matundu yake ya pembeni tu, na usikandamize ukingo wa chini: pale ndani ndipo kilipo kipande chembamba cha saketi ya kioo, na kikipinda, mistari ya wima hutokea isiondoke tena.