Skrini ya bluu usiyoweza kuisoma: badilisha rangi yake

Wateja wangu wengi sasa wana mashine za kisasa, ila mzee mmoja wa stika hapa Morogoro bado anaendesha Windows 98. Mashine yake ya kukata stika za daladala inachomekwa kwenye ile soketi pana ya printa, na programu yake haikubali kitu kipya zaidi. Inakata vizuri, hana sababu ya kuitupa. Ikiganda, Windows hutoa skrini ya bluu yenye ujumbe wa kosa, naye ananitumia picha yake kwa WhatsApp: "Fundi, ile ya bluu imerudi." Namjibu: "Shikamoo mzee, nimeiona." Ukweli ni kwamba ninachokiona ni mwanga wa fleshi, michirizi myeusi inayokatiza kioo, na maandishi meupe yaliyovuja kingo. Namba ya kosa ninayoihitaji haisomeki.

Kwa hiyo hapa sizungumzii kupamba kompyuta. Nazungumzia kuweka rangi zitakazomwezesha mtu aliye dukani kuusoma ujumbe, au kuupiga picha ukasomeka upande wa pili.

Kwenye Windows 95, 98 na Me kazi yenyewe ni mistari miwili tu. Kabla hujagusa chochote, weka nakala ya faili. Fungua MS-DOS Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike:

copy c:\windows\system.ini c:\windows\system.old

Kisha bonyeza Start, halafu Run, andika sysedit. Litafunguka dirisha lenye faili kadhaa zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Unayoitaka ni SYSTEM.INI. (Ukipenda Notepad, ifungue kwa notepad c:\windows\system.ini, ni faili ileile.) Shuka mpaka ukute kichwa [386Enh], kikiwa na mabano yake ya mraba. Chini yake kuna mistari ya madereva (programu ndogo zinazoendesha vifaa), usiiguse. Nenda mwisho wa kundi hilo, kabla ya kichwa kinachofuata, uongeze:

MessageBackColor=0
MessageTextColor=A

Hifadhi, zima, washa. Mistari hii husomwa Windows inapowaka, kwa hiyo bila kuwasha upya hutaona tofauti yoyote. Na herufi iwe kubwa: A, siyo a.

Mstari wa kwanza ni rangi ya nyuma, wa pili ni rangi ya maandishi. Rangi zipo 16 tu, kwa sababu ujumbe huu huchorwa kwa njia ya maandishi ya kadi ya picha ya VGA, ileile ya enzi za DOS. Kuanzia 0 hadi 7 ni nyeusi, bluu, kijani, bluu-kijani, nyekundu, zambarau, kahawia na kijivu chepesi. 8 ni kijivu kilichoiva. Kuanzia 9 ni zile za mwanzo zikiwa zimeng'arishwa: 9 bluu, A kijani, B bluu-kijani, C nyekundu, D waridi, E njano, na F nyeupe tupu. Kiwandani huja na 1 nyuma na F mbele. Kwa rangi ya nyuma mimi hubaki kati ya 0 na 7; zile za kung'aa naziachia maandishi. Wala usiweke namba ileile kwenye mistari yote miwili, la sivyo siku mashine ikiganda utatazama kioo kitupu ukidhani monita imekufa.

Kwa nini 0 na A? Mzee anatumia monita ya chogo. Monita ya namna hiyo hutengeneza nyeupe kwa miale mitatu: mwekundu, wa kijani na wa bluu, ambayo inatakiwa itue mahali pamoja. Ikizeeka, miale hiyo hupishana kidogo. Herufi nyeupe inaota ukingo mwekundu huku na wa bluu kule, na 8 inafanana na B. Tatizo ni kwamba namba za ujumbe huu huandikwa kwa tarakimu na herufi, 8 na B zikiwemo. Herufi ya kijani hutegemea zaidi mwale mmoja, hivyo hata monita iliyochoka huiandika kwa kingo safi. Rangi ya 2 ndiyo kijani kitupu kisicho na mchanganyiko, ila imefifia. A ina chembe ya nyekundu na bluu ndani yake lakini inaonekana hata mchana dirisha likiwa wazi. Kwenye monita bapa hoja hii ya miale haipo, na hapo napendelea 0 na E, njano juu ya nyeusi.

Kuna vijana hupenda 4 na F, nyeupe juu ya nyekundu, kwa mzaha. Kwenye mashine yako nyumbani, sawa. Dukani usithubutu. Msaidizi akiona kioo chekundu anakimbilia kuchomoa waya ukutani, na diski ikichomolewa katikati ya kuandika, asubuhi mnaanza na ScanDisk, programu ya kukagua diski, badala ya kazi.

Sasa jaribu kabla mashine haijaganda yenyewe. Njia ya upole: weka CD, anza kunakili faili kubwa kutoka humo, kisha bonyeza kitufe cha kuitoa wakati inasomwa. Windows itakuja na ujumbe wa kuitaka CD irudishwe, kwa rangi zako mpya. Irudishe, au bonyeza Esc, na maisha yanaendelea. Njia ya ukatili: kwenye Run andika c:\con\con. CON ni jina ambalo DOS ilijiwekea kwa ajili ya kibodi na kioo, na Windows 95 na 98 zikikutana nalo mara mbili kwenye njia moja ya faili zinaanguka. Microsoft walitoa kiraka (marekebisho ya kuziba kasoro hiyo) mwaka 2000, kwa hiyo kwenye mashine iliyowekewa kiraka hakitatokea kitu. Hifadhi kazi zote kwanza.

Ukiwa umeharibu kitu na Windows haiwaki, shikilia Ctrl wakati wa kuwasha (kwenye 95 bonyeza F8), chagua Command prompt only (Me haina chaguo hilo, iwashe kwa startup disk), kisha:

copy c:\windows\system.old c:\windows\system.ini

Ikiuliza kama ifute iliyopo, jibu Y.

Baada ya hapo mfundishe mwenye mashine nini cha kupiga picha. Azime fleshi ya simu, asimame ubavuni kidogo, aguse maandishi kwenye kioo cha simu ili kamera ipunguze mwanga. Nyuma ikiwa nyeusi, kamera huelekea kuzidisha mwanga na herufi zikaungua. Mimi natafuta vitu viwili. Cha kwanza ni tarakimu mbili baada ya maneno "fatal exception". 0E maana yake programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwepo. 0D imevunja sheria za ulinzi za prosesa. 06 ni prosesa kupewa amri isiyoielewa. Cha pili ni jina linalofuata neno VXD, kwa sababu hilo ni dereva lililokuwa kazini wakati wa ajali. Jina likiwa lilelile kila mara, naanza na dereva hilo. Likibadilikabadilika, naanza kuzishuku RAM, nazitoa, nafuta miguu yake ya shaba, narudisha moja moja.

Mistari hiyo miwili haifanyi kazi kwenye Windows NT, 2000, XP wala yoyote iliyofuata, hata kama faili la SYSTEM.INI bado utalikuta humo. Ile ni familia nyingine na bluu yake ina historia yake. John Vert, mhandisi wa Microsoft aliyeandika skrini ya NT, alichagua nyeupe juu ya bluu kwa sababu kompyuta yenye prosesa ya MIPS aliyokuwa akiitumia iliwaka kwa rangi hizo, na kihariri chake cha kuandikia programu, SlickEdit, nacho kilikuwa hivyohivyo. Hapakuwa na mipangilio ya mtumiaji kuibadilisha. Ipo programu ndogo iitwayo NotMyFault, ya Mark Russinovich, ambayo iliongezewa uwezo wa kuchagua rangi, lakini kazi yake hasa ni kuiangusha Windows kwa makusudi. Icheze ndani ya kompyuta pepe, siyo kwenye mashine yenye vitabu vya hesabu.

Kwenye Windows 10 na 11 rangi huamuliwa na Microsoft wenyewe: kijani kwa matoleo ya majaribio ya Insider, bluu kwa wengine, na Windows 11 ilitoka 2021 na nyeusi, ikarudi bluu mwishoni mwa mwaka huohuo, kisha 2025 ikaletwa tena nyeusi. Usihangaike nayo. Kitu cha maana unachoweza kukibadilisha ni kiasi cha habari kinachoonekana. Fungua regedit, kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\CrashControl, tengeneza DWORD (thamani ya namba) iitwayo DisplayParameters, ipe 1, washa upya. Kuanzia hapo zile namba nne zinazofuatana na kosa zitaandikwa kwenye kona ya juu kushoto, na mteja akikutumia picha unakuwa na pa kuanzia.

Wa Linux ndio wana uhuru. Kuanzia kerneli (kiini cha mfumo) 6.10 ya mwaka 2024 kuna skrini ya ajali iitwayo DRM panic, na ukijijengea kerneli yako unaweka rangi zozote, siyo 16:

CONFIG_DRM_PANIC_FOREGROUND_COLOR=0xffff55
CONFIG_DRM_PANIC_BACKGROUND_COLOR=0x000000

Hiyo ni njano yangu ileile juu ya nyeusi. Zisipobadilishwa, ni nyeupe juu ya nyeusi. Hakikisha dereva la kadi yako ya picha linaikubali DRM panic, kisha jaribu ukiwa root (mtumiaji mkuu) kwa echo c > /proc/sysrq-trigger. Amri hiyo inaiangusha kerneli kweli, papo hapo, kwa hiyo funga kila kitu kwanza, kisha andika sync ili data iliyobaki iandikwe diskini.