Kumsaidia aliyekwama barabarani: mwongozo kwa wapanda pikipiki

Ukimwona mtu ameinamia pikipiki iliyozimika, kosa la kwanza ni kukanyaga breki ghafla. Aliye nyuma yako hajui umeona nini. Tazama kioo, washa indiketa, punguza mwendo taratibu. Ukimpitiliza kwa mita 50 hakuna ubaya, utarudi kwa miguu.

Egesha nje kabisa ya lami, mbele ya chombo kilichoharibika. Wapo wanaoweka pikipiki nyuma ya gari lililokwama wakidhani wanalikinga. Pikipiki haikingi kitu. Ikigongwa inarushwa kwa watu wale wale uliokuja kuwasaidia. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo pembetatu ya tahadhari ikae angalau mita 50 nyuma, na kwenye barabara ya mwendo kasi mita 100 au zaidi. Penye kona au kilima, iwekwe kabla ya kona, dereva aione mapema. Abiria wakae mbali na lami, na mtu yeyote asisimame katikati ya vyombo viwili.

Vua helmeti, au walau inua kioo chake, kisha salimia ukiwa bado hatua kadhaa. Aliyekwama peke yake gizani anakuogopa. "Pole na safari, imekuwaje?" inatosha. Akikuambia fundi yuko njiani, muulize kama ana maji na chaji ya simu. Mahali pasipokupa imani usisimame. Nenda mpaka penye watu, upige simu ya kumtafutia msaada. Huo nao ni msaada. Na kama ameanguka akaumia, achana na pikipiki: ita huduma ya dharura, kandamiza panapovuja damu, usimvue helmeti ikiwa anapumua vizuri.

Pikipiki imegoma kuwaka

Usikimbilie spana. Anza na vitu visivyohitaji kufungua chochote, maana ndivyo vinavyosahaulika mtu akishapaniki: swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani, stendi ya pembeni (pikipiki nyingi hujizima ukiingiza gia ikiwa chini), gia iwe huru, na klachi ibanwe hadi mwisho. Tikisa tangi usikilize mafuta. Penye koki ya mafuta, izungushe kwenye rizavu (mafuta ya akiba) usubiri nusu dakika.

Muulize ilizimaje. Iliyozima ghafla na taa zote zikafa ina shida ya umeme: tazama fyuzi kuu na vichwa vya betri vilivyolegea. Fyuzi ibadilishwe kwa nyingine ya ampia zile zile. Ukiweka waya badala yake, shoti iliyounguza fyuzi itaunguza nyaya zote. Iliyokohoakohoa kabla ya kuzima imekosa mafuta. Ile inayopumzika ikawaka, ikaenda kidogo ikazima tena, fungua mfuniko wa tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Lipulize.

Bado? Injini ikishapoa, fungua plagi inayotoa cheche. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, injini imekunywa kupita kiasi: ifute, ikauke, na uache tundu wazi dakika chache. Kuipima, ichomeke kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini, mbali na tundu la plagi kwa sababu mvuke wa petroli hulipuka, kisha mpige stata. Cheche ya buluu yenye nguvu ndiyo unayoitaka. Ya njano na dhaifu ni dalili mbaya. Rudisha plagi kwa vidole kwanza mpaka igote, ndipo utumie spana. Ikiingia upande huharibu nyuzi za silinda hedi, na hapo umemwachia mgeni hasara kubwa kuliko uliyoikuta.

Betri ikiwa dhaifu, sukumeni kwa gia ya pili: swichi imewashwa, klachi imebanwa, mwendo ukipatikana mwendeshaji aiachie klachi mara moja na kuibana tena injini ikishika. Pikipiki ya injekta (inayopuliziwa mafuta kwa pampu ya umeme) yenye betri iliyokufa kabisa haiwaki hivyo, kwa kuwa pampu ya mafuta haina umeme. Msimalize nguvu zenu bure.

Pancha na cheni

Tairi ya tyubulesi (isiyo na tyubu) inazibika pale pale. Kabla ya kuchomoa msumari tazama umeingia kwa pembe gani, kwa sababu tundu linafuata pembe hiyo. Uchomoe kwa plaizi, pitisha kekee ya kukwaruzia mara kadhaa, paka gundi, kisha sukuma utambi (kipande cha mpira cha kuzibia) kwa sindano yake mpaka ubaki nje sentimita moja hivi. Chomoa sindano kwa mkupuo mmoja. Ukiivuta polepole, utambi unatoka nayo. Kata mabaki, jaza upepo, mwagia maji ya sabuni uangalie mapovu. Tundu likiwa ubavuni mwa tairi, usizibe. Ubavu hujikunja kila mzunguko na utambi hautakaa.

Cheni ishikwe injini ikiwa imezimwa tu. Wengi wamepoteza vidole wakiipaka mafuta huku tairi inazunguka. Ukiunga pingili mpya, upande uliofungwa wa klipu yake uelekee cheni inakokwenda, upande wazi ubaki nyuma.

Aliyekwama akiwa na gari

Kama ameishiwa mafuta, uliza kwanza kama ni petroli au dizeli. Mafuta yabebwe kwenye chombo chake maalumu na yasimwagwe karibu na injini ya moto. Usijaribu kuliwasha gari kwa betri ya pikipiki: volti ni 12 kweli, lakini haina ampia za kuzungusha injini hiyo, na nyaya zitachemka. Hapa faida yako ni wepesi. Mpeleke dereva kwa fundi kama una helmeti ya pili, au chukua ujumbe ulioandikwa: aina ya gari, tatizo, mahali lilipo.

Kuvutana pikipiki kwa pikipiki kuwe chaguo la mwisho. Kamba isifungwe kwa anayevutwa. Aizungushe mara moja kwenye pegi (pa kukanyagia) na kuibana kwa buti, ili akiinua mguu iachie yenyewe. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, na anayevutwa ndiye apige breki kwanza ili kamba ibaki imekaza.

Injini ikishawaka, usiondoke papo hapo. Hesabuni spana, okoteni misumari, mwache atangulie umfuate kilomita mbili, kisha msimame mpime upepo na mguse nati zote mlizofungua.