SOMO: Injini ya pampu ya petroli inapanda na kushuka, tuanzie wapi kabla ya kununua kabureta

Kila mvua zikikatika na watu kurudi kwenye umwagiliaji, swali ni lile lile: "Pampu inanguruma, mlio unapanda, unashuka, unapanda tena. Ninunue kabureta mpya?" Nimechoka kulijibu vipande vipande, naliweka lote hapa. Ninazungumzia Honda GX160 na injini za Kichina zilizotengenezwa kwa mfano wake, 5.5 hp, silinda moja, iwe imefungwa kwenye pampu au kwenye kitrekta kidogo cha bustani.

Elewa kwanza kinachotokea. Petroli inayofika haitoshi kwa hewa inayoingia, injini inalegea. Gavana (kifaa kinachodhibiti kasi ya injini) inafungua kabureta zaidi, injini inashika na kukimbia, gavana inafunga, injini inalegea tena. Unachokiona kikicheza ni mkono wa gavana, lakini ugonjwa haupo hapo. Usiiguse.

Hatua ya 1. Weka injini sehemu tambarare, oili ifike ukingoni mwa tundu la kujazia. Inaingia kama lita 0.6.

Hatua ya 2. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi, au yenye harufu ya vanishi, imwage.

Hatua ya 3. Filta ya hewa. Sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ichovye kwenye oili safi kisha uikamue hadi isidondoke. Ya karatasi haioshwi wala haipakwi oili. Igonge vumbi litoke, ikiwa nyeusi nunua nyingine.

Hatua ya 4. Plagi ni BPR6ES, mwanya 0.7 hadi 0.8 mm. Rangi ya kahawia ni nzima. Masizi makavu meusi: mafuta yamezidi au filta imeziba. Nyeupe: mafuta hayatoshi. Imelowa oili: ringi, au umejaza oili kupita kiasi.

Hatua ya 5. Jaribio la choki (kibao kinachopunguza hewa inayoingia kwenye kabureta). Injini ikishapata moto, vuta choki nusu. Ikitulia, umepata jibu: inakosa petroli au inavuta hewa mahali isipopaswa, endelea hatua ya 6. Isipotulia, ruka hadi ya 9.

Hatua ya 6. Legeza kifuniko cha tanki. Ikitulia baada ya dakika moja, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Ikiwa bado, zima, injini ipoe, fungua boliti ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta na ukinge kwa chupa. Petroli itiririke mfululizo. Ikitoka matone matone, safisha kikombe cha uchafu chini ya koki ya petroli na chujio lililo ndani ya tanki.

Hatua ya 7. Jeti, yaani vipande vyenye tundu dogo vinavyopima petroli. Soma polepole, hapa ndipo kabureta nyingi nzima zinapouawa.

Funga koki, fungua bakuli kwa spana namba 10. Katikati kuna nguzo. Ndani yake, kwa bisibisi bapa inayojaa kwenye mfereji, utatoa jeti kubwa. Ipindue kabureta, nyuma ya jeti itadondoka bomba jembamba lenye matundu pembeni, ikague pia. Jeti ndogo haipo kwenye bakuli. Iko juu, ni kipande cha plastiki kilichozuiwa na skrubu ya sailensa (ya kurekebisha kasi ya injini isipokuwa na mzigo). Hesabu mizunguko ya skrubu hiyo unapoitoa, kisha kivute kipande kwa kukinyanyua taratibu. Wengi wanasafisha jeti kubwa, wanafunga, injini inapanda na kushuka vile vile, wanasema kabureta imekufa. Ndogo ndiyo inayolisha injini isipokuwa na mzigo, na tundu lake ni jembamba kiasi kwamba punje moja ya utando wa petroli inalifunga.

USITUMIE waya. Wala uzi wa breki ya baiskeli, wala pini. Shaba ya jeti ni laini. Ukiikwaruza mara moja tundu limepanuka, injini itakula mafuta na kutoa moshi mweusi, na huwezi kulirudisha. Loweka kwenye dawa ya kabureta, pulizia hewa ya kompresa, kisha inua jeti uelekeze kwenye mwanga. Unatakiwa uone duara kamili. Ukiona mwezi mchanga, rudia. Ringi ya mpira ya bakuli isiloweke kwenye dawa, itavimba na haitakaa tena.

Hatua ya 8. Gasketi. Piga picha kabla hujafungua. Kati ya kabureta na kichwa cha injini kuna kipande cheusi kigumu chenye gasketi pande zote mbili. Ikigeuzwa moja inaweza kuziba kijitundu cha hewa. Baada ya kufunga, dondoshea maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwaka. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa.

Hatua ya 9. Tapeti, yaani mwanya wa valvu, injini ikiwa baridi. Ya kuingiza 0.15 mm, ya kutolea 0.20 mm. Pistoni iwe juu kwenye mgandamizo, valvu zote mbili zimefungwa. Pistoni inafika juu mara mbili, moja ikigandamiza na moja ikitoa moshi; ukipima kwenye ile ya moshi, vipimo vyote ni vya uongo.

MASWALI

Mkulima wa Ruvu: Mkuu yangu inapanda inashuka, tatizo nini?

Jibu: Hatua ya 5. Ukivuta choki nusu inafanyaje? Bila jibu hilo sina la kukuambia.

Kijana wa Mang'ola: Fundi wa huku amekaza springi ya gavana ikatulia palepale. Mbona hukuiweka?

Jibu: Kwa sababu haijapona. Imekimbizwa tu hadi mlio ukaficha ugonjwa. Injini hii hupimwa nguvu yake kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Ukiipeleka mbali zaidi, koneksheni (fimbo inayoshika pistoni) inakatika na kutoboa bloku. Rudisha springi ilipokuwa, safisha jeti ndogo.

Mama Bustani, Njombe: Shikamoo fundi. Yangu haipandi na kushuka, ila plagi inakuwa nyeusi kila wiki na nguvu ni ndogo. Dada yangu ana injini kama hii Kilombero, haina shida. Inaweza kuwa baridi ya huku?

Jibu: Marahaba mama, umeuliza vizuri. Ni mwinuko zaidi kuliko baridi. Njombe hewa ni nyepesi, jeti inapitisha petroli ile ile, kwa hiyo mafuta yanazidi. Injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Ukiwa karibu mita 2,000 ni karibu robo nzima. Juu ya mita 1,500 weka jeti kubwa yenye namba ndogo zaidi. Nguvu yote hairudi, lakini plagi itakaa safi. Ukiishusha pampu Kilombero, rudisha jeti ya zamani kwanza, la sivyo itakosa mafuta na kuunguza valvu.

Ndugu Mvuvi: Sisi tunazibua jeti kwa mshipi wa nailoni ule mwembamba wa 0.25 mm. Haukwaruzi.

Jibu: Huo naukubali. Nailoni ni laini kuliko shaba.

Kijana wa Mang'ola: Na nikichanganya oili ya 2T (ya injini zinazochanganya oili na petroli) kwenye petroli?

Jibu: Hapana. Hii ina oili yake chini. Utajaza masizi tu.

Mkulima wa Ruvu: Choki nusu imetulia. Jeti ndogo ilikuwa imeziba kabisa, sasa iko vizuri. Ila kisima changu ni mita 9, haivuti maji. Niishushe pampu ndani ya kisima?

Jibu: Usithubutu. Moshi wa ekzosi unatuama kisimani, gesi ya sumu iliyomo (kaboni monoksidi) haina rangi wala harufu ya kukuonya, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza naye anabaki humo. Pampu ya juu huvuta kama mita 7 au 8 kwa shida. Kwa mita 9 tafuta pampu ya kuzamisha ya umeme au ya sola.