Kupiga picha za bwawa la kuogelea ukimaliza kulisafisha, mteja aone maji sio mawingu

Wiki jana kijana ninayemfundisha kazi alimtumia mwenye nyumba picha kumi na moja za bwawa kutoka Riat, hapa Kisumu, jibu likarudi: "Mbona mnanitumia mawingu?" Nilicheka, lakini hata mimi yalishanikuta. Wateja wetu wengi wako Nairobi ama ng'ambo, bwawa lao wanalionea kwa simu yako, so picha ndiyo risiti.

Hatua ya 1: Futa lenzi. Na kitambaa safi, sio ile fulana imerukiwa na klorini.

Hatua ya 2: Piga picha ya kwanza kabla hujagusa kitu. Simama mahali pamoja kila wiki, mimi husimama kando ya ngazi, na ya mwisho uipigie hapo hapo. Ukishapitisha brashi huwezi tena kuonyesha uchafu uliokuwepo.

Hatua ya 3: Geji ya presha ya filta, kabla na baada ya bakwashi, yaani kuiosha filta kwa kurudisha maji kinyume. Sindano isomeke. Basi.

Hatua ya 4: Maji yenyewe. Hii ndiyo ilinitesa. Maji ni kioo, ukisimama mbali ukapiga kwa ulalo unapata anga na mnazi wa jirani, sakafu huioni kabisa. Sogea ukingoni, inua simu juu ya kichwa uielekeze chini, jua liwe mgongoni. Saa mbili asubuhi ukilitazama jua utapata mng'ao tu. Saa sita hapa Kisumu jua liko utosini, sakafu inawaka vizuri, ila usipige wima kabisa juu ya maji, utanasa jua lenyewe na kivuli chako.

Kama anga bado inaingia, chukua miwani ya jua ya polaroidi, shika kioo kimoja mbele ya kamera, zungusha polepole. Kuna mahali utaona anga inafutika na taili zinatokea, piga hapo. Yangu nilinunua soko la Kibuye na ni bora kuliko filta zozote za programu za simu, hizo zinafanya maji yawe bluu ya uongo na mteja si mjinga. Kabla ya kulipa, zungusha miwani mbele ya skrini ya kikokotoo: isipogeuka nyeusi, umeuziwa plastiki.

Mawimbi nayo: zima pampu, ngoja dakika tano hadi kumi maji yatulie. Na ukiizima, weka ufunguo wa pikipiki juu ya boksi ya swichi, hutaenda popote bila kuiwasha. Mimi nilipiga picha tamu Ijumaa nikaenda zangu, Jumatatu soja ananipigia, "fundi, maji imekuwa mrenda." Dawa ya kurudisha yale maji nilinunua na pesa yangu.

Hatua ya 5: Kipimo. Weka karatasi ya kupimia maji juu ya karatasi nyeupe, kivulini, lakini sio chini ya mwavuli wa bluu, rangi zitadanganya. Piga ndani ya zile sekunde zimeandikwa kwa chupa. Andika namba ulizosoma kwa kalamu hapo kando (zinazofaa ni klorini 1 hadi 3 ppm, na pH, yaani kiwango cha asidi, 7.2 hadi 7.6), kwa sababu kamera ya simu hubadilisha rangi ikijisikia.

Hatua ya 6: Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, tarehe na saa zilizofichwa ndani ya faili zinapotea, na siku mteja akisema hukufika Alhamisi utabaki na maneno matupu.