Jinsi ya kuomba orodha ya hoteli na bucha zilizopatikana na hatia nchini Kenya

New South Wales, kule Australia, majina ya biashara za chakula zilizovunja sheria huwekwa mtandaoni, kila mtu ayaone. Kenya rekodi hizo zimelala kwenye faili za kaunti na za mahakama, na anayezitaka huziomba. Haki ya kuomba ni ya kila raia chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba, na utaratibu umo katika Sheria ya Kupata Habari ya 2016.

Andika barua kwa afisa wa utoaji habari wa kaunti, kupitia kwa katibu wa kaunti, nakala kwa idara ya afya ya umma. Kiswahili kinakubalika sawa na Kiingereza. Huna haja ya kueleza unaitakia nini.

Maneno ya ombi ndiyo yanayoamua utapata nini. Ukiandika "nipeni hoteli chafu" utarudi mikono mitupu, maana hakuna daftari lenye kichwa hicho. Andika hivi:

"Naomba orodha ya biashara za chakula katika kaunti ndogo ya ___ zilizopatikana na hatia kati ya ___ na ___ chini ya Sheria ya Afya ya Umma (Sura ya 242) au Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali (Sura ya 254): jina la biashara, mahali ilipo, kosa, mahakama, nambari ya kesi, tarehe ya hukumu na adhabu."

Jina la biashara na mahali usiviache. Hati ya mashtaka huweza kubeba jina la mwenye hoteli, au la mfanyakazi aliyekutwa jikoni, na hapo utaletewa majina ya watu usijue wanapikia wapi. Nambari za vitambulisho usiombe. Utakuwa umewapa kisingizio cha faragha. Mwaka mmoja unatosha kwa ombi moja.

Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa tarehe ubaki nayo. Kuwasilisha ombi ni bure. Utalipia nakala tu, kwa risiti. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Muda unaweza kuongezwa mara moja, usizidi siku 14, na ombi lililofika ofisi isiyohusika lihamishwe ndani ya siku 5. Wakinyamaza siku 21 zikapita, kisheria wamekataa. Una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa CAJ, ile ofisi ya Ombudsman inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, pamoja na ile nakala yenye muhuri. Bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu.

Orodha ikifika, usiitangaze bado. Nenda masjala ya mahakama na nambari ya kesi uangalie mambo matatu. Kwanza, ni hukumu kweli? Kushtakiwa si kupatikana na hatia, na notisi ya kufunga hoteli si hukumu: hoteli hufungwa kwa mtaro ulioziba ikafunguliwa tena. Pili, kuna rufaa? Muda wa kukata ni siku 14. Tatu, mwenye biashara ni yuleyule? Hoteli huuzwa, bango likabaki palepale, na mnunuzi hana kosa.

Ukitangaza, taja kosa kwa maneno ya mahakama, tarehe na nambari ya kesi. Ukiongeza "wanauza sumu", utakayejitetea kortini kwa kashfa ni wewe.